Isale Ambayo Sikuipeleka

Juzi nilikuwa napiga pasi kitambaa cha meza, kile cha kufuma kwa uzi wa pamba. Simu ikaita, nikaisahau pasi juu yake. Niliporudi harufu ilishajaa chumba kizima, harufu ya uzi uliopata moto lakini haujaungua bado, na wanga unaoanza kunukia kama ukoko wa ugali. Nikasimama pale nimeshika pasi na hasira ikanipanda. Haikuwa hasira ya kitambaa. Ilikuwa hasira ya zamani sana, na ilikuja mbichi, kana kwamba bado nina miaka kumi na miwili na baba mdogo amesimama mbele yangu akiniuliza nimeigusa kompyuta yake kwa ruhusa ya nani.

Wanaosema hasira za utotoni huisha waseme za kwao. Yangu ipo, ina afya, na sina mpango wa kuitibu.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu Marangu hamhitaji kuelezwa habari za vitambaa. Nyumbani kwetu hakuna kitu cha maana kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na kitambaa, makochi yalivishwa mgongoni na mikononi, hata chupa ya chai ilikuwa na kakitambaa kake. Kuvishwa kulikuwa heshima. Na mvishaji mkuu alikuwa bibi, mama yake baba, ambaye sindano yake ya kufumia haikutoka mfukoni hata alipokuwa anampelekea ng'ombe majani.

Kompyuta ilikuwa ya baba mdogo. Baba yangu alifanya kazi mbali na tulimwona Desemba tu, kwa hiyo mwanaume wa nyumba alikuwa huyu mdogo wake, mwongoza wageni mlimani, mtu mcheshi kwa wageni na mkali kwetu. Mgeni mmoja aliyempandisha hadi kileleni alimpa kompyuta ya mezani kama zawadi. Ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, siyo ule tuliouzoea kwenye mashine za steshenari pale njia panda. Yule mgeni alikaa kwetu siku nne, akaniona ninavyoizunguka ile mashine kama paka anayezunguka jiko la samaki, akaniachia rundo la karatasi zilizobanwa kwa pini, zimejaa amri za kuandika na maelezo yake kwa Kiingereza. Baba mdogo hakuwa na subira nazo. Mimi nilizisoma zote, kamusi pembeni, mpaka pini ikatoka.

Mwaka huo baba mdogo alianza kuwarekodi wageni wakipanda, akitaka kuwatengenezea filamu fupi za kuondoka nazo. Kompyuta ikawa inakwama, picha zinatembea kwa kuruka ruka. Akaibeba hadi Moshi mjini kwa fundi, na fundi akamwekea kadi kubwa zaidi ya grafiki, yaani kile kipande cha ndani kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Kadi mpya haikuwa na tundu la kuingiza waya wa skrini yetu ya zamani, kwa hiyo fundi akaunganisha hivyo viwili kwa adapta ndogo, saizi ya kidole gumba. Pale kwa fundi ilifanya kazi mchana kutwa bila tatizo. Baba mdogo akairudisha nyumbani kifua mbele, mama akafagia sebule, na bibi akatoa kitambaa kipya, cheupe, alichokifuma kwa wiki tatu. Kilifunika boksi la kompyuta lote kuanzia juu, na kwa nyuma kilishuka mpaka mezani. Tulipiga makofi.

Nusu saa baadaye skrini ikawa nyeusi.

Tulikuwa tunasikiliza kwaya ya usharika wetu, baba mdogo alikuwa ameirekodi. Skrini ilizimika, kwaya ikaendelea kuimba. Wakubwa walishangaa skrini. Mimi nilishangaa kwaya. Mtu aliyekufa haimbi, nikawaza, kwa hiyo huyu hajafa, kafumba macho tu. Baada ya muda skrini ikarudi yenyewe, ikakaa dakika chache, ikazimika tena.

Ilikuwa mwezi wa saba, na mnajua mwezi wa saba wa kwetu. Ukungu unaingia migombani asubuhi na hautoki, watoto wanaenda shule na masweta mawili. Nikamwangalia bibi anavyowafunika vifaranga kwa gunia, anavyozifukia ndizi ili ziive kwenye joto, nikapata jibu langu. Kompyuta ilikuwa inasikia baridi. Ilikuwa imetoka mjini kwenye joto, ikaletwa huku juu, ikawa inazimia. Nikachukua khanga ya mama nikaizungushia juu ya kitambaa cha bibi, nikaibana vizuri kwa nyuma kusiwe na upepo. Siku hiyo ilizimika baada ya robo saa, nikajilaumu kwamba khanga moja haitoshi.

Khanga ya pili nayo haikusaidia, nikarudi kwenye karatasi za mgeni. Kulikuwa na ukurasa mzima kuhusu draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi. Zilikuwa za aina mbili, moja imetengenezwa na wenye kadi na nyingine imetengenezwa na watu wa Linux wenyewe. Fundi alikuwa ameweka ile ya kwanza. Nikaitoa nikaweka ya pili. Giza likaja vilevile. Nikairudisha ya kwanza, giza. Nikatafuta mahali ambapo mashine huamriwa kuilaza skrini isipoguswa, nikafuta amri hiyo. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo, kidole kwenye kibodi, baba mdogo akaingia.

"We mtoto! Unaandika nini humo?"

"Shikamoo baba mdogo. Nafuta amri ya kulaza skrini."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna. Jana nilibadilisha draiva, haikusaidia, kwa hiyo leo…"

"Ulibadilisha nini?" Akamwita mama kutoka jikoni. "Shemeji, njoo usikie mwenyewe. Tunatafuta mchawi, kumbe mchawi tunaye humu ndani anakula mtori wetu."

"Ilianza kuzimika kabla sijaigusa," nikasema.

"Unanibishia?"

"Sibishi, baba mdogo. Nakukumbusha. Siku ya kwaya mimi nilikuwa nimekaa kule kwenye kigoda."

Kwa mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, kumkumbusha mtu mzima ni kosa kubwa kuliko kuharibu kompyuta. Nililiona hilo usoni mwake. Sasa hivi naelewa kwamba alikuwa na aibu yake pia, maana alikuwa ameshawaahidi wageni filamu, na kila aliyepita njiani alikuwa anamuuliza habari za kompyuta ya kisasa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, kukubali ni kingine.

Akatoa hukumu pale pale, mbele ya mama na bibi. Kesho yake alikuwa anapanda mlima na wageni kwa siku sita. Akishuka anikute nimesimama mlangoni na jani la isale mkononi. Nisipofanya hivyo, kompyuta inakwenda kwa rafiki yake Sanya Juu, na mimi sitaigusa tena, wala hiyo wala nyingine yoyote atakayoileta.

Isale ilikuwa inaota palepale, mpakani mwa kihamba chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kwetu ukimkosea mtu unakata jani lake, unamletea, na yeye hata awe na hasira kiasi gani hana budi kusamehe. Ni desturi nzuri. Imezima ugomvi wa mashamba, imerudisha wake kwa waume zao. Lakini anayeibeba ndiye mkosaji. Hakuna mtu anayebeba isale kwa kosa la mwingine, na hakuna anayeibeba halafu akasema hajakosa.

Mama alinifuata bandani jioni ile nikimkatia ng'ombe mgomba.

"Peleka tu, mwanangu. Ni jani."

"Nikipeleka nimekubali kwamba nimeiharibu."

"Na ukikubali, kuna nini kitakachopungua? Atakusamehe siku hiyohiyo, mashine itabaki, utaendelea kucheza nayo. Mbona unakuwa na kichwa kigumu kama cha baba yako?"

"Sichezi nayo, mama."

Leo ningemjibu lile la kupungua. Ningepungua mimi. Ningekuwa yule mtoto aliyeharibu kompyuta, kila Desemba ukoo ukikusanyika ningesimuliwa na watu wangecheka, na siku nyingine nikiomba kugusa kitu chochote chenye waya mtu angesema, huyu tunamjua. Nilikuwa sina maneno hayo. Nilikuwa na panga na mgomba, nikaukata vipande vidogo kuliko ng'ombe anavyohitaji.

Bibi alikaa kwenye kiti chake, sindano inaingia na kutoka, hakunitetea wala hakunigombeza. Nilichukulia kwamba na yeye ameamini. Hilo liliniuma kuliko kelele za baba mdogo, kwa sababu bibi ndiye aliyenifundisha kufuma, na alikuwa anajua kwamba mimi nikikosea shono huwa nasema.

Nilikatazwa kuigusa kompyuta, nikaigusa siku ileile baba mdogo alipoondoka. Siombi radhi kwa hilo. Nilikuwa na siku sita na nilizihitaji zote.

Nilifanya kazi baada ya shule, mama akiwa shambani na bibi akiwa sebuleni anachambua maharage. Nilichukua daftari la hesabu nikawa naandika kila giza linapoanza na linapokwisha, kwa saa ya kompyuta yenyewe. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho kabisa wa karatasi za mgeni, ule ambao nilikuwa nauruka kwa sababu ulikuwa mgumu. Ulisema kwamba Linux huandika kila kinachoipata, sekunde kwa sekunde, kwenye faili ambalo mtu anaweza kulifungua akasoma. Nikaandika amri ile herufi kwa herufi. Ikamwaga mistari mingi kuliko kitabu cha nyimbo.

Sikuelewa hata robo yake. Lakini nilikuwa na daftari langu, kwa hiyo nilitafuta saa, siyo maneno. Mahali nilipoandika giza limeanza, faili lilikuwa na mstari, na mahali nilipoandika mwanga umerudi kulikuwa na mwingine. Kila mara maneno yalikuwa yaleyale mawili. Kamusi ikaniambia la kwanza ni kukatika, kutenganishwa, na la pili ni kuunganishwa. Kompyuta ilikuwa inasema, kwa lugha yake na bila kuulizwa na mtu mzima yeyote, kwamba yeye ni mzima, ila kila wakati huo skrini ilikuwa inakatika kutoka kwake, kama waya umechomolewa.

Hapakuwa na mtu aliyechomoa. Nikawaza panya. Nikaingiza mkono nyuma ya boksi, chini ya kitambaa, nikaufuata waya kwa vidole nikitafuta palipotafunwa. Nilipofika kwenye ile adapta ndogo niliruka nikapiga kelele. Ilikuwa ya moto kama sufuria.

"Nini hicho?" bibi akauliza.

"Hakuna kitu, bibi."

Nikanyanyua kitambaa nikatazama. Kadi mpya ilikuwa na feni yake, na feni ilikuwa inatoa joto lote kwa nyuma, palepale kitambaa kiliposhukia. Uzi ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya chai. Ndipo nilipoisikia ile harufu kwa mara ya kwanza. Adapta ilikuwa imezibwa mle ndani na joto la kadi, ikipikwa, na ikizidiwa ilikuwa inaachia. Ikipoa kidogo, inashika tena. Kwa fundi haikuwahi kuzimika kwa sababu kwa fundi hakuna aliyeipenda kiasi cha kuivisha.

Na mimi na khanga zangu mbili.

Nilitoa kila kitu nikaiacha uchi. Zikapita saa mbili nzima bila giza. Nikarudisha kitambaa, nusu saa haikufika. Kesho yake nikafanya tena hivyohivyo, nikaandika daftarini, majibu yakawa yaleyale. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nilikaa nikimtazama bibi na sinia lake la maharage, kwa sababu nilikuwa nimejisafisha mimi nikamkamata yeye. Ningeweza kunyamaza, kukiondoa kile kitambaa kimyakimya, kupeleka isale na kumaliza. Nililifikiria hilo siku nzima, nakiri. Halafu nikalikataa. Kosa lilikuwa la nyumba nzima, la fundi ambaye hakutuonya, la bibi na uzi wake, la mama aliyesifia, la baba mdogo aliyepiga picha kitambaa kile akawatumia marafiki, la kwangu na khanga. Walitaka nilibebe peke yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mfupi kuliko wote.

Baba mdogo akashuka Jumamosi mchana, midomo imepasuka kwa baridi. Nilikuwa mlangoni, mikono mitupu.

"Shikamoo baba mdogo. Pole na safari."

"Isale iko wapi?"

"Sijakata."

Mama akafumba macho. Baba mdogo akaweka begi chini polepole. "Haya. Kesho Sanya Juu."

"Sawa. Lakini kabla haijaenda, iwashe. Mimi sigusi. Weka kwaya."

Nadhani alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kukataa. Akaiwasha, tukakaa wote wanne kwenye makochi. Kwaya ikaimba nyimbo saba. Kwenye wa nane skrini ikawa nyeusi, naye akafungua mikono kama mtu anayeonyesha ushahidi. Nikamwomba aweke mkono nyuma, chini ya kitambaa. Akaweka, akautoa haraka. Nikamwomba akitoe kitambaa. Akatazama upande wa bibi kwanza, kisha akakitoa. Tukasubiri. Skrini ikarudi, na kwaya ikaimba mpaka mwisho, ikarudia mwanzo, ikaimba tena yote, na hakuna mtu aliyenyanyuka. Nikampa daftari.

Alilisoma. Alisoma kurasa zote nne, halafu akalifunga.

"Basi," akasema. "Tumeelewana. Kompyuta inabaki. Wewe endelea kuitumia tu."

"Na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Mimi nani ananiletea isale?"

"Nyamaza!" mama akasema.

"Mtoto haletewi isale," baba mdogo akasema, lakini hakuwa ananitazama.

Hapo ndipo bibi aliposimamisha sindano. "Kitambaa ni changu," akasema. "Nimekifuma mimi, nimekivisha mimi, na nilipomsikia huyu anapiga kelele nyuma ya hiyo mashine nilijua kaungua, nikakaa kimya nione kama atakuja kunificha au atasema. Kasema. Kosa la kitambaa nalibeba. Lakini aliyemwita mjukuu wangu mchawi siyo mimi." Akamwonyesha mwanawe mlango kwa kidevu. "Isale iko pale mpakani. Huhitaji kibali cha kupanda."

Baba mdogo alitoka. Tukasikia panga. Mama alinishika mkono, nadhani hata yeye aliamini kwamba isale inakuja. Baba mdogo alirudi baada ya muda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akapita moja kwa moja mpaka bandani, akaulizia chakula.

Nililia jioni ile, na nililia kwa hasira. Nilikuwa nimeshinda kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nakitaka.

Jumapili baba mdogo alibaki kanisani na kikao cha wazee wa usharika. Mimi nilirudi mapema, nikafungua karatasi za mgeni ukurasa wa nenosiri. Kompyuta yetu ilikuwa inafunguka yenyewe, haimuulizi mtu chochote. Nikaiamuru iulize.

Mchana baba mdogo akakaa kutazama picha za wageni wake. Mashine ikamtaka nenosiri. Akaniita, kwa sauti ya mtu anayejua ameita nani na kwa nini.

"Nikufungulie?" nikamuuliza.

"Nitajie. Nitaandika mwenyewe."

Nikasimama pembeni ya kiti nikamtajia, herufi moja moja, naye akatafuta kila moja kwenye kibodi kwa kidole kimoja. K, o, s, a. Akaendelea. L, e, t, u. Hapo kidole kikasimama. Alikuwa ameshalisoma, na aliona kilichobaki. Sikumsaidia, wala sikuangalia chini kama nilivyofundishwa kumheshimu mkubwa. Bibi alikuwa anafuma.

Akamalizia mwenyewe bila kutajiwa. S, o, t, e. Skrini ikafunguka.

Nilimfundisha siku ileile namna ya kulibadilisha, maana sikutaka aseme nilimfunga. Hakulibadilisha. Kompyuta ile ilidumu miaka mitano mingine, na kila alipoitaka alikaa akaandika kosa letu sote kwa kidole kimoja, na kila nilipokuwa nyumbani nilihakikisha nimesimama mahali anaponiona.